Alama Mikononi mwa Mama Mkubwa

Mwanamke anayetuoshea maiti mtaani kwetu Bula Pesa hana maneno mengi. Akiingia chumbani anasema salaam aleikum, anakunja mikono ya nguo yake, anauliza maji yako wapi, na baada ya hapo hutamsikia tena mpaka sanda ifungwe. Kwa hivyo siku ile alipoinua mkono wa mama mkubwa akasema, "Hawa watu wa hospitali walijaribu, wallahi," sote tuliacha tulichokuwa tunafanya.

Tulikuwa watatu mle ndani: yeye, mimi, na binti ya marehemu. Mama mkubwa alikuwa dada ya mama yangu, na ndiye aliyenilea baada ya mama kufariki, nikiwa bado sijui kufunga viatu. Tulimwita hooyo, yaani mama, sote wawili. Binti yake wa kumzaa ni dada yangu mkubwa. Ndiye aliyenisuka nywele na ndiye aliyenichapa nilipostahili, na wakati mwingine nilipokuwa sikustahili. Sisi ni wa zile familia za Kisomali ambazo mababu zao waliletwa Isiolo na jeshi la mkoloni. Jeshi likaondoka na bunduki zake, wao wakabaki na ngamia. Leo wanaume wetu wanaendesha malori ya Merti na wanawake wana maduka. Ni mimi peke yangu niliyependa sindano. Ni muuguzi, na sasa kwa miaka mingi ni mwalimu wa wauguzi chuoni.

Somo langu ni maadili na sheria za kazi yetu. Nawafundisha vijana kwamba mwili wa mgonjwa hauguswi bila ridhaa yake, kwamba ana haki ya kuambiwa ukweli, na kwamba jamaa zake wasidanganywe hata kwa huruma. Hilo la mwisho hulikazia sana, maana sisi wauguzi tuna ugonjwa wa kusema "atapona tu" kwa mtu ambaye jeneza lake limeshapigwa misumari. Wanafunzi wananiogopa kidogo. Sijawahi kukosa usingizi kwa sababu hiyo.

Basi mkono wa hooyo ulikuwa na matundu ya sindano kuanzia kwenye kiwiko hadi juu ya kiganja. Wa pili vilevile. Hata miguuni, karibu na vifundo, yalikuwepo. Dada aliushika ule mkono akaupitishia kidole taratibu, tundu baada ya tundu.

"Walitafuta mshipa kila mahali," alisema. "Hawakumwacha hooyo aende hivi hivi."

Uso wake ulilegea kwa mara ya kwanza tangu nishuke garini. Mimi nilikuwa nimetoka Kinna, nilikowapeleka wanafunzi wa darasa langu moja kwenye chanjo ya watoto. Habari ya msiba ilitukuta mashambani Rapsu, mtandao ulipokubali. Nilipofika nyumbani dada alikuwa anarudia sentensi moja: nilimwacha peke yake, nilimwacha peke yake. Asubuhi ile madaktari walikuwa wanakaribia kuanza raundi, na askari wa wodi akawatoa jamaa wote nje, kama kawaida. Wengine walikaa langoni kusubiri. Dada aliona badala ya kukaa juani bure, aende nyumbani akampikie hooyo uji, kwa sababu uji wa hospitali alikuwa anausukuma na kusema una ladha ya sufuria. Aliporudi na chupa ya uji, hooyo alikuwa amefunikwa shuka mpaka kichwani.

Sasa alikuwa ameshika ushahidi kwamba hooyo hakuwa peke yake. Watu walimzunguka, walimhangaikia, walimpigania mpaka pumzi ya mwisho.

"Allah awalipe," mwosha maiti alisema, na dada akasema amina. Mimi nilisema amina kwa sauti ambayo sikuitambua.

Lazima nieleze nilichokiona mimi. Sindano ikimwingia mtu aliye hai, moyo unaendelea kusukuma damu. Ukiichomoa, damu kidogo huvujia chini ya ngozi, na pale huvimba, pakawa pekundu, kesho pakawa peusi. Kwenye mkono wa kushoto wa hooyo palikuwa na doa moja la namna hiyo, la dripu aliyowekewa siku aliyolazwa. Matundu mengine yote yalikuwa makavu na safi, na ngozi kando yake haikuwa imebadilika rangi hata kidogo. Yalitobolewa moyo ukiwa umekwisha kusimama. Tena yalikuwa yamefuatana, moja juu ya jingine, vile mwanafunzi anavyoelekezwa: umekosa hapo, panda juu kidogo, jaribu tena. Maneno hayo ninayajua. Huwa nayasema mwenyewe darasani, juu ya mkono wa mpira.

Niliendelea kumwaga maji. Bati lilikuwa linalia kwa jua na mimi nilikuwa nasikia baridi, na baridi hiyo ilikuwa hasira tupu. Tulimzika hooyo kabla ya sala ya alasiri.

Matanga yalipopungua watu kidogo, nilikwenda hospitali kumtafuta mkufunzi wa wodi. Huyu ndiye anayewasimamia wanafunzi wetu wakiwa kwa wagonjwa. Ni mtu wa Meru, mpole, muuguzi hodari kuliko wengi. Watoto wanaomlilia kila mtu wakimwona yeye wananyamaza. Ingekuwa rahisi zaidi kwangu kama angekuwa mjinga. Nilimkuta chumba cha wauguzi anakunywa chai, akasimama.

"Pole sana, mwalimu," alisema. "Nimesikia ni mzazi wako. Siku hiyo sikujua."

"Ungejua ungefanya nini?"

Hakujifanya haelewi, na kwa hilo nilimshukuru moyoni. Aliiweka chai chini.

"Singewaruhusu," alisema.

"Kwa hivyo akiwa wa mwingine ni sawa. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu."

"Kaa chini, mwalimu."

"Sikai."

Akaniambia hali ilivyo, na alichokisema nilikuwa ninakijua. Mkono wa mpira kule chuoni umechakaa. Ukiudunga hapa maji yanachirizika pale, na wanafunzi wameshazoea matundu ya zamani, wanayalenga hayohayo. Zamani walikuwa wanadungana wenyewe kwa wenyewe, mpaka mmoja mkono ukaoza nusura ukatwe, chuo kikapiga marufuku.

"Sasa niambie wajifunze kwa nani," alisema. "Kuna mtoto anakuja hapa kutoka Merti na lori, ameharisha mpaka macho imeingia ndani. Mshipa unaonekana ni moja tu. Mwanafunzi akikosea hiyo moja, mtoto ameenda. Nimeona hiyo kitu, mwalimu, na wewe umeona. Maiti haisikii uchungu."

"Maiti ina watu," nilisema. "Na sheria iko wazi. Mwili haufundishiwi mpaka mwenyewe awe alikubali akiwa hai, ama jamaa zake wakubali. Ulimwuliza nani?"

"Hakuna."

"Na sisi tunaosha wenyewe. Ulifikiri nani angeona?"

Hapo ndipo alipoinamisha kichwa. Nadhani kwa kweli hakuwa amelifikiria hilo. Kwao mwili huenda chumba cha maiti, hukaa, huvishwa na watu wa kazi hiyo, na jamaa huona uso tu. Kwetu binti humwosha mama yake kila kiungo kwa mkono wake mwenyewe, siku ileile.

Nilikuwa na swali moja zaidi, na nililiogopa. "Alipokuwa anakata roho, nani alikuwa naye?"

Zamu ilikuwa na sista mmoja kwa wodi nzima, alisema, naye alikuwa upande wa pili anagawa dawa. Raundi ilikuwa imeisha, na madaktari walimwacha akiwa hai. Wageni waliokuwa langoni walikuwa wameruhusiwa kuingia kitambo, wamejaa kwenye vitanda vya jamaa zao. Hooyo alikuwa amegeukia ukutani, na kila aliyepita alidhani amelala. Mwanafunzi mmoja ndiye aliyegundua kwamba hapumui.

"Halafu?"

"Nikavuta pazia, nikaita wale wengine."

Nilitoka bila kuaga. Nilisimama nje karibu na mifereji ya kunawia, nikalia kwa sauti, mwanamke mzima na buibui yangu, na watu wakanipisha wakidhani nimefiwa wakati uleule. Alipokuwa hai hakuna aliyemjia. Alipokufa walimjaa.

Mkuu wa chuo alinipokea vizuri. Huyo humpokea kila mtu vizuri. Alinipa pole, akaagiza chai, akasema ataandaa semina ya kuwakumbusha wafanyakazi wote heshima kwa wafu. Nilimwambia la kuvunda halina ubani. Nilitaka jambo hili lifike kwenye baraza linalosimamia kazi yetu, mkufunzi aitwe ajieleze, chuo kilazimishwe kununua vifaa, na mchezo huu ukome.

"Nani amelalamika?" aliuliza.

"Mimi."

"Wewe ni mwajiriwa wetu, mwalimu. Watasema una ugomvi na mwenzako. Jamaa wa karibu kisheria ni binti yake. Yeye akileta malalamiko, mimi mwenyewe nitayapeleka. Bila familia hakuna kesi."

Alikuwa na haki, hilo ndilo lililoniudhi. Huo ndio utaratibu, na mimi ndiye ninayeufundisha.

Kwa hivyo kila kitu kilimwangukia dada, ambaye hakujua lolote. Na dada wakati huo alikuwa ametulia. Kila mwanamke aliyekuja kumpa pole aliambiwa habari ya mikono ya hooyo: alama zilivyojaa, vijana walivyohangaika, walivyokataa kumwachia. Majirani ambao siku zote wanasema hospitali ni mlango wa kaburi walisikiliza wakatikisa vichwa. Mmoja, mama Mborana mwenye binti mjamzito aliyekuwa amekataa kabisa kliniki, alisema, "Basi huyo wangu nitampeleka, kama wako na roho hivyo." Nilikuwa nimekaa hapohapo nachambua mchele. Nilichambua mchele ule mpaka ukaisha mawe yote, yaliyokuwemo na yasiyokuwemo.

Kisha dada akatangaza kwamba Ijumaa, kwenye dua ya hooyo, anataka wale vijana waje. Alikuwa ametuma salamu wodini. Anataka kuwalisha kwa mkono wake, na anataka kuwauliza jambo moja.

"Jambo gani?" niliuliza.

"Nataka kujua kama alitamka shahada kabla ya kukata roho," alisema. "Wao walikuwa na yeye. Wao ndio watanijulisha."

Hapo nikajua siwezi kungoja. Asipoambiwa na mimi atawauliza wao, na vijana wale watadanganya au watasema kweli mbele ya mtaa mzima. Na ndiyo, nilifikiria kesi pia. Sitajifanya sikuifikiria. Nilijiambia kwamba ana haki ya kujua, kwamba faraja iliyojengwa juu ya uongo haina msingi, na maneno mengine ya namna hiyo ambayo huyasema nikiwa nimeshika chaki.

Alhamisi nilimkuta jikoni anakata nyama ya ngamia.

"Umekuja kunisaidia ama umekuja kusimama?" alisema.

Nilichukua kisu cha pili, nikakata vitunguu, nikamwambia. Nilimweleza tofauti ya tundu la aliye hai na tundu la aliyekufa. Nilimwambia kuhusu mkono wa mpira, na pazia, na wanafunzi walioitwa. Nilitumia maneno mepesi niliyoyajua. Aliendelea kukata nyama muda wote huo, vipande vilivyolingana, bila kuinua macho.

"Kwa hivyo wakati wanamdunga alikuwa ameshakufa," alisema nilipomaliza.

"Ndiyo."

"Na kabla ya hapo nani alikuwa na yeye?"

"Hakuna, abaayo." Abaayo ni dada, na huwa tunaitana hivyo tukitaka kusikilizana.

Aliosha kisu, akakifuta, akakiweka rafuni. Akafunika nyama na sinia. "Rudi kwako," alisema. "Kesho uje na hao watoto."

"Bado unawataka?"

"Nimewaalika."

Nilijaribu kumshika bega na alilisogeza. Njiani kurudi nyumbani upepo ulikuwa umebeba vumbi lote la mji, na nilifurahi, kwa sababu kila mtu alikuwa anafuta macho.

Ijumaa asubuhi niliwaita wanafunzi wale ofisini. Walikuwa kundi dogo, wavulana na wasichana wa mwaka wa pili, wamevaa sare zilizopigwa pasi mpaka zinang'aa. Walikuwa wameshasikia marehemu alikuwa nani kwangu, na hawakuweza kuniangalia. Nilikuwa mkali. Niliwaambia makosa ya kwanza ni ya mkubwa wao, lakini mkono ulioshika sindano ni wao. Niliwaambia wataenda, watakula watakachopewa, na wakiulizwa swali lolote watajibu ukweli mtupu, hata ukiwakwama kooni. "Hili ndilo somo," nilisema. "Yale ya darasani yalikuwa maneno." Nilijisikia mwalimu wa kweli nilipokuwa nikisema hivyo.

Baada ya dua, wanaume walikula nje chini ya turubai na kuondoka. Dada aliwakalisha wanafunzi sebuleni mkekani, mbali na wageni wengine. Aliwaletea pilau na nyama, akawamiminia chai ya maziwa ya ngamia, akawahimiza kula, kwa sauti ya kawaida kabisa. Walikula vile mtu anavyokunywa dawa. Mimi nilikuwa mlangoni. Walipomaliza kunawa, dada alifunga mlango wa nyuma, akakaa mbele yao, na akauliza.

"Mama yangu alikuwa anaitwa nani?"

Aliwangoja. Mvulana mmoja alisema polepole kwamba wodini walimwita shosho, yaani bibi, wa kitanda cha dirishani. Dada aliitikia kwa kichwa, kisha akawatajia jina la hooyo, la baba yake, na la babu yake, kama linavyotajwa kwetu, na akawafanya walirudie. Walilirudia. Walilikosea, akawasahihisha, wakalirudia tena.

"Nani alimwona kwanza?"

Msichana aliyekaa pembeni aliinua mkono kidogo, akakumbuka kwamba hayuko darasani, akaushusha. Ni msichana wa kutoka huko Nyeri, mwembamba, baba yake ana duka la vifaa vya ujenzi mjini. Ni Mkristo, na nilijua kwamba hata kama angesikia shahada asingeitambua. Dada hakumwuliza habari ya shahada. Labda alikuwa ameshaliacha swali hilo Alhamisi jikoni.

"Niambie," dada alisema.

"Nilipita na trei nikaona shuka haisongi," msichana alisema. "Nikamshika mkono nitafute mapigo. Sikupata. Nikaita mkufunzi."

"Ulimshika mkono."

"Ndiyo, mama."

"Huu?" Dada alinyoosha wake wa kulia.

"Huo. Na baadaye..." Hakumaliza. Wote tulijua baadaye ilikuwa nini.

"Ulikuwa baridi?"

"Hapana, mama. Ulikuwa bado na joto." Msichana alikuwa ameanza kulia, lakini nilikuwa nimemwagiza ukweli na alikuwa anautoa wote, maskini, kama nilivyomfundisha. "Joto kama ya mtu amelala. Hata vidole vilikuwa vinakunjika vizuri. Nilidhani ataamka."

Dada alimchukua mkono. Aliushika kwa mikono yake miwili, mkono uleule uliomtoboa mama yake, na hakuuachia. Mkono huo ndio peke yake uliomshika hooyo asubuhi ile. Nilimwona anahesabu muda. Nilimwona anatoka wodini na jamaa wengine, anapita langoni bila kusimama, anafika nyumbani, anawasha jiko, anakoroga. Nilimwona anawaona wale waliobaki langoni wakirudishwa ndani raundi ilipoisha, na kando ya kitanda cha dirishani hakuna mtu.

Akageuka kunitazama mimi. Ilikuwa mara ya kwanza siku hiyo.

"Wewe unajua hizi mambo," alisema. "Ningekaa pale lango na wale wengine, nisiende kupika. Ningemkuta hai?"

Ndiyo. Jibu lilikuwa ndiyo. Mkono wenye joto, vidole vilivyo laini, raundi imekwisha, wageni wamekwisha kuingia: mwanafunzi yeyote wa mwaka wa pili angelitoa. Angemkuta hai. Angemshika mkono, angemnong'oneza shahada sikioni, hooyo angeifuata au asiifuate, lakini angekwenda akisikia sauti ya mtoto wake. Niliyajua hayo yote na nilikuwa nayaona machoni mwa wanafunzi wangu, ambao walikuwa wananitazama, wanangoja.

"Hapana," nilisema. "Hungemkuta. Alikuwa ameshaenda hata kabla raundi haijaisha. Joto hukaa mwilini muda mrefu sana, abaayo. Hilo halina maana yoyote."

Nilisema kwa ile sauti yangu ya darasani, na haikutetemeka.

Dada hakuniamini mara moja. Alimgeukia msichana, ambaye mkono wake ulikuwa bado umeshikwa. "Ni kweli?"

Msichana alinitazama. Kisha akamwangalia dada usoni.

"Ni kweli, mama," alisema. "Hungemkuta."

Dada alilia hapo. Alilia kilio ambacho alikuwa hajakilia tangu siku ya kwanza, amemlaza msichana yule begani kwake, na wengine wakaondoa sinia kimyakimya wakazipeleka jikoni.

Malalamiko hayakupelekwa. Siku chache baadaye dada mwenyewe aliniuliza kama ayaandike, nami nikamwambia hakuna haja. Yangeandikwa, msichana angeitwa barazani aape na aeleze alimkuta marehemu katika hali gani na saa ngapi, na daktari yeyote angeifanya ile hesabu mbele ya dada. Mkuu wa chuo aliandaa semina yake, na soda zililetwa. Mkono wa mpira bado unavuja. Mkufunzi tunasalimiana, na sijui pazia zinavutwa kwa ajili ya nini siku ambazo sipo.

Wiki iliyofuata nilikuwa na kipindi na darasa lile. Mada ilikuwa ileile iliyopangwa tangu mwanzo wa muhula, haki ya mgonjwa na jamaa zake kuambiwa ukweli. Niliifundisha mpaka mwisho. Msichana alikaa mbele akiandika kila nilichosema, na nilipouliza kama kuna mwenye swali, hakuna aliyeinua mkono.